Kusimama Mahali pa Kioo

Mtu aliyesoma katika shule zetu huwa na woga wa kunakili usioisha. Kuangalizia daftari la jirani kulikuwa kosa la viboko, na hata sasa, nikiwa nimestaafu na wajukuu wananiita bibi, woga ule haujaniacha. Umehama tu kutoka kwenye hesabu ukaingia kwenye rangi. Ndiyo maana nilisita pale mwalimu wangu wa uchoraji, kijana ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, aliponiambia nichague uso mmoja uliochorwa na mchoraji wa zamani wa Kifaransa, niunakili mpaka niuelewe. Mimi nilikuwa nimekwenda kwake nikitaka kuchora nyuso za watu wangu: marehemu mama, dada zangu na, nalisema hili kwa haya kidogo, mimi mwenyewe. Sikuona nyuso za Wafaransa zinanihusu nini.

Lakini hoja yake ilikuwa ngumu kuipinga kwa mtu anayeishi Dar es Salaam. Aliniuliza kama nimewahi kusimama Oysterbay nikawatazama wachoraji wa Tingatinga wakifanya kazi. Nimewahi, nani hajawahi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa za aina ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa jamaa zake, waliojifunza kwa kukaa karibu naye na kufuata mkono wake. Alipofariki mwaka 1972 kazi ile haikuzikwa naye, kwa kuwa ilikwisha kuingia kwenye mikono mingine. Mtalii akipita huona chui yule yule kwenye kibanda cha kwanza na cha tano, akasema hawa wanaigana tu. Anasema kweli, ila haoni alichokisema.

Nikamchagua Berthe Morisot. Ningependa kudai kwamba niliongozwa na jambo kubwa, lakini nilikuwa nikifunua kitabu cha Waimpresionisti, wachoraji wa kundi lake, nikitafuta uso ulio mwepesi, na picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1885 ilionekana nyepesi kwa sababu haikuonekana kumalizika. Nilidhani picha iliyoachwa katikati ni nusu ya kazi. Mwalimu alipoiona hakusema kitu, alicheka kidogo tu, na kicheko kile nilikuja kukielewa baadaye sana.

Picha yenyewe si kubwa, sentimita 61 kwa 50, nayo iko Paris katika makumbusho ya Marmottan Monet. Mwanamke wa miaka 44 amejiweka wima, nywele zimevutwa juu zikiwa na dalili za mvi, shingoni skafu nyeusi, mwilini koti la rangi ya udongo lenye miguso kifuani ambayo ukiitazama kwa mbali ni maua na ukiisogelea ni rangi tu. Ameshika paleti na brashi, lakini hizo amezidokeza kwa mistari michache ya haraka. Pembeni na nyuma yake, sehemu kubwa ya kanvasi iko wazi, rangi ya kitambaa inaonekana. Sijawahi kuiona kwa macho yangu. Nina nakala mbili zake, ya kitabuni na ya kwenye simu, nazo hazipatani: ya kitabuni inauvuta uso kwenye ukijani, ya simu inauvuta kwenye wekundu wa tofali. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sikujua kwa hakika ni Morisot yupi ninayemnakili, na mwalimu alipoulizwa alisema, "Mama, chagua mmoja umwamini, usiwachanganye." Nikamwamini wa kitabuni. Nadhani nilikosea, ingawa sina namna ya kulithibitisha hilo bila nauli ya ndege.

Kilichonipunguzia woga ni kugundua kwamba mwanamke huyu mwenyewe alilelewa na kunakili. Alizaliwa Bourges mwaka 1841, na chuo kikubwa cha sanaa cha Paris hakikufungulia wanawake milango yake mpaka 1897, yeye akiwa ameshafariki miaka miwili kabla. Basi yeye na dada yake Edma walifundishwa na walimu wa binafsi, na mmoja wao, Joseph Guichard, aliwapeleka makumbusho ya Louvre, wakasimamisha easeli zao mbele ya kazi za wakubwa kama Veronese na kuzinakili. Ukuta wa makumbusho ndio uliokuwa darasa lao. Na si kwamba aliacha alipokomaa: katika miaka ile ile ya themanini alipojichora, akiwa na jina lake na maonyesho yake, alirudi tena mbele ya picha ya mchoraji Boucher akainakili. Hilo lilinifariji, kisha likanitia mashaka. Kama yeye alikuwa bado anarudi, mimi nilikuwa nataraji kumaliza lini?

Louvre, nimesoma, humruhusu mnakili afanye kazi yake kwa sharti kwamba nakala isiwe na ukubwa sawa na picha ya asili. Sharti hilo ni la kuzuia ulaghai. Mimi nilifanya yangu ndogo kuliko yake, kwa sababu kanvasi niliyoimudu ilikuwa ndogo. Lakini kanvasi ikipungua, brashi haina budi kupungua, na brashi ndogo ikawa mtego wangu wa mwanzo.

Nilianza na macho. Kila mwanagenzi huanza na macho, kwa kuwa tunadhani mtu yumo humo. Nikatumia brashi nyembamba, nikazungushia mstari, nikaweka mboni, nikaweka nuru kwenye mboni, nikajisifu. Mwalimu alipofika aliigeuza picha yangu juu chini, na ya kitabuni vile vile, akaniambia sasa tuendelee. Niliona kama mzaha. Lakini uso ukiwa umepinduliwa hauna tena macho wala pua. Una mabaka, moja lina joto, jingine lina ubaridi, moja limekolea, jingine limefifia. Nikaona kwamba baka lile la chini ya paji la uso, ambalo mimi nilikuwa nimelichora kama jicho lenye kope, kwa Morisot lilikuwa kivuli kimoja kipana chenye doa la kukolea ndani yake. Jicho langu lilikuwa jicho la mtu anayejua macho yanavyokuwa. Lake lilikuwa jicho la mtu aliyetazama.

"Finya macho, mama," alikuwa akiniambia, na nilipofinya macho, mambo madogo yote yalizama yakabaki makubwa matatu au manne. Ni zoezi la kitoto kabisa, na bado nalisahau kila nikianza.

Kisha rangi. Nilikuwa nimechanganya donge kubwa la rangi moja niliyoiita ya ngozi, nyeupe na nyekundu na manjano kidogo, nikadhani penye kivuli nitaongeza nyeusi. Nyeusi iliua kila ilipogusa. Ubavu wa pua ya Morisot, ukiukazia macho, hauna mstari wowote. Kuna kijivu chenye ukijani kikikutana na waridi iliyofifia, na pale vinapokutana pua inasimama. Nilifuta ubavu ule kwa kitambaa chenye tapentaini mara nyingi mno, hata kanvasi ikaanza kung'aa mahali pale. Siku kijivu changu kilipokaa sawa sikukitambua kama ushindi. Nilidhani nimechafua. Nilirudi nyuma kwenda kuchukua kitambaa, nikageuka, nikaona pua.

Hapa inanipasa kusema neno juu ya mafuta, maana ndiyo yaliyonifundisha subira kuliko mtu yeyote. Rangi za maji hukauka kwa maji kuondoka. Mafuta ya mbegu za kitani hayaondoki. Yanavuta hewa ya oksijeni na kugeuka polepole kuwa gamba, na gamba hilo huchukua siku, pengine wiki, kutegemea rangi na unene wake. Kahawia ya udongo hukauka upesi kwa sababu ya madini ya manganizi yaliyomo, nyeupe ya titani inajivuta. Kwa hiyo uso mmoja unakuwa na saa tofauti ndani yake: kivuli cha shavu kimekauka, shavu lenyewe bado linashika kidole. Na sharti la kale la mafundi ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache na la juu liwe na mengi zaidi, la sivyo la juu litapasuka likikaukia juu ya lililo bado laini. Mtu mwenye haraka hawezi kulitii sharti hilo. Nilijaribu kulivunja, nikajibiwa kwa nyufa nyembamba kwenye skafu.

Rangi hizi zenyewe tunazikamua kutoka kwenye tyubu za metali bila kuwaza. Mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, ndiye aliyepata hataza ya tyubu hiyo mwaka 1841, mwaka ule ule aliozaliwa Morisot. Kabla yake rangi ilikuwa ikihifadhiwa kwenye vibofu vya nguruwe, na ukishakitoboa kibofu huna namna nzuri ya kukifunga. Napenda kuufikiria mwaka huo. Mtoto anazaliwa upande mmoja wa bahari, upande wa pili tyubu inangojea mkono wake.

Nilipokwisha kupata mabaka na rangi zake, nilidhani lililobaki ni kazi ya mkono tu. Nikaanza kunakili miguso yake mmoja mmoja. Mguso huu umeanzia hapa, ukapinda, ukaishia pale kwa ncha iliyochanika. Nami nikaanzia hapo, nikapinda, nikachana ncha. Kila mguso ulikuwa sahihi na picha nzima ilikuwa maiti. Nilishangaa, kisha nikakumbuka kazi yangu ya zamani. Nimekaa kwenye uhasibu muda mrefu, nimepitisha hundi nyingi mikononi, na saini ya kughushi nilikuwa naitambua kwa jambo moja: haikosei herufi, ila imeandikwa polepole. Mwenye saini huitupa, mwigaji huichora. Morisot aliitupa miguso yake juu ya rangi iliyokuwa bado mbichi, bila kujua itatua vipi, na mingine hakika ilitua vibaya naye akaiacha. Mimi nilikuwa najua kila mmoja ulipotua. Kujua huko ndiko kulikoniharibia.

Mwalimu akaninyang'anya brashi ndogo, kwa adabu lakini akaninyang'anya, akanipa bapa pana na rundo la magazeti ya zamani nifanyie mazoezi ya kutupa mguso kwa bega badala ya vidole. Magazeti yalinywa mafuta mpaka meza ikaota madoa. Sijui kama nilifanikiwa. Kuna mguso mmoja tu kwenye bega la koti ambao naamini ni wangu na wake kwa pamoja, na huo ulitoka siku niliyokuwa nimekasirishwa na jambo jingine kabisa la nyumbani, wala sikuwa nautazama.

Ila kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni pale pasipokuwa na kitu. Kanvasi yangu ilikuwa ya dukani, imepakwa nyeupe tupu. Yake, pale alipoiacha wazi, ina rangi ya joto, baina ya kijivu na udongo. Nikajikuta naketi na kisu cha paleti nikichanganya nyeupe, kahawia na tone la bluu, nikitafuta rangi halisi ya mahali ambapo yeye hakuweka rangi. Nikaipaka kwa uangalifu, kuzunguka kichwa, hadi kwenye pembe. Ilikuwa siku ya jua kali, feni inazunguka, nami nimeinama napaka utupu wa mtu mwingine. Nilipolitambua hilo nilicheka mpaka binti yangu akaja kuangalia kuna nini, na sikuweza kumweleza vizuri.

Utupu ule haukuwa uvivu wake, sasa naamini hivyo, lakini wakati wake wengi hawakuamini. Waimpresionisti walipofanya maonyesho yao ya kwanza mwaka 1874, Guichard yule yule aliyemfikisha Louvre alikwenda kutazama, akarudi na huzuni, akamwandikia mama yake Morisot. Ushauri wake ulikuwa kwamba binti aende Louvre mara mbili kwa wiki, asimame mbele ya picha za Correggio kwa saa tatu, aombe msamaha kwa kujaribu kusema kwa rangi za mafuta mambo yanayoweza kusemwa kwa rangi za maji tu. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilimcheka mzee. Niliporudi kuisoma baada ya miezi ya kuhangaika na pembe ile ya wazi, sikucheka tena. Alikuwa amemfundisha kunakili kazi zilizokamilika, kisha mwanafunzi akatoka na swali ambalo kazi zile hazikuwa nalo: ni lini inatosha? Mwalimu gani angelijibu hilo? Nakala inakuonyesha mahali mwenzako aliposimama. Haikuonyeshi alichokuwa anakiona kilichomfanya asimame. Mimi nilisimama pale pale alipoachia yeye, kwa kipimo cha rula, na bado haikuwa kusimama, ilikuwa kufika mwisho wa maelekezo.

Linanijia pia jambo la mwaka 1870. Morisot alikuwa amechora picha ya mama yake na dada yake akinuia kuipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Salon, na hakuwa na uhakika nayo. Édouard Manet, rafiki aliyemheshimu na ambaye baadaye angekuwa shemeji yake, alifika kuitazama. Akasema ni nzuri, isipokuwa chini ya gauni. Akachukua brashi kurekebisha chini ya gauni. Kutoka gauni akapanda kifuani, kutoka kifuani akafika kichwani, na hakuishia hapo. Picha ikaenda Salon ikiwa na mikono miwili, naye mwenye picha akawa anatamani ikataliwe. Ilikubaliwa.

Mwalimu wangu aliwahi kunigusia jicho la kushoto. Ilikuwa jioni, nimechoka, nikamwomba mwenyewe. Aliweka miguso miwili, labda mitatu, akafuta brashi, akaaga. Jicho lile ndilo bora kuliko sehemu nyingine yoyote ya picha, na wageni wakija ndilo wanalolisifia. Najibu "asante." Mwanzoni nilikuwa naongeza kwamba hilo si langu, siku hizi siongezi tena, na sina hakika kama kunyamaza huko ni kukomaa au ni kuzoea.

Jambo ambalo sikulitarajia lilikuwa juu ya mtazamo wake. Kwa muda mrefu nilimwona Morisot ana majivuno: kidevu kimeinuka, midomo imebana, macho yanakukabili bila kukukaribisha. Nilikuwa nikimwogopa kidogo, kama ninavyowaogopa wanawake wa aina hiyo maofisini. Kisha nikawaza ni nani hasa aliyekuwa akimtazama. Hakuwepo mgeni wala mteja mbele yake. Palikuwa na kioo. Na mimi, niliyesimama mbele ya picha yake nikimkodolea macho, nilikuwa nimesimama mahali pa kioo kile. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anapima umbali kati ya jicho na sikio.

Nikaweka kioo juu ya kabati nikajaribu kujipima mwenyewe kwa penseli. Baada ya muda nikautupia jicho uso mzima badala ya sehemu niliyokuwa ninaipima, nikakuta kidevu kimeinuka, midomo imebana. Sikuwa na majivuno yoyote wakati ule, nilikuwa natafuta ncha ya nyusi. Labda naye hivyo. Au labda naye alikuwa na majivuno vile vile, na haki alikuwa nayo: kati ya maonyesho manane ya kundi la Waimpresionisti alikosa moja tu, la 1879, muda mfupi baada ya kumzaa bintiye Julie. Alipofariki mwaka 1895 cheti chake cha kifo kiliandikwa kwamba hana kazi. Ndiyo maana paleti ile, japokuwa ameidokeza kwa mistari michache tu, siwezi kuiona kama kitu cha pembeni. Kwenye fomu za hospitali mimi huandika "mstaafu", na mara moja, karani akiwa ameinama, nilishika kalamu nikataka kuandika neno jingine. Niliandika "mstaafu".

Sasa nimehamia kwenye uso wangu, na hapa ndipo Morisot alipoanza kunitupa mkono. Michanganyiko yote niliyojifunza kwake haikunifaa. Nyeupe, ambayo kwake ilifungua paji la uso, kwangu ilileta jivu. Nilionekana kama niliyepakwa unga. Nilitumia Jumamosi nyingi kutafuta kahawia yangu mpaka mwalimu akaniketisha karibu na dirisha akaniambia nitazame paji langu kwenye kioo bila kufikiria kahawia. Palikuwa na bluu. Bluu ya wazi kabisa, ya anga la asubuhi, imekaa juu ya nyusi ambapo ngozi inarudisha nuru, na pembeni yake, kuelekea sikioni, palikuwa na wekundu uliokolea kama wa divai. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga unaoiangukia kwa uwazi ambao ngozi ya Morisot haikuwa nao. Yake iliunywa na kuusambaza. Kilichobaki kutoka kwake, basi, ni ule mkutano wa ubavuni mwa pua, wa baridi na joto, ambao kwangu pia upo ila kwa rangi nyingine kabisa na mahali pa chini zaidi.

Tatizo likarudi kwenye utupu. Kwake, kanvasi iliyoachwa wazi imekolea kuliko uso. Uso unatoka ndani yake kuja kwetu, na pale asipopaka panakuwa kivuli bila jasho. Kwangu, kanvasi ile ile ni nyepesi kuliko uso. Kila nilipoacha wazi palichomoza kama taa, pakauzima uso. Nikajaribu kuacha pembe moja tu, chini, penye bega. Ikanisumbua siku nzima kama mlango ulioachwa wazi. Kuacha wazi kwake na kuacha wazi kwangu si kitendo kimoja, ingawa mkono unafanya jambo lile lile, yaani haufanyi kitu.

Kwa hiyo nimeamua kuipaka kanvasi mpya kahawia iliyokolea kabla ya kuanza, karibu na kivuli cha shavu langu, ili utupu uwe ndani ya uso wenyewe: nisipopaka, hapo ndipo nilipo. Nimetumia kahawia ya udongo na tapentaini, imekauka upesi. Mwalimu haafiki. Anasema rangi za mafuta huzidi kupenyeza nuru kadiri zinavyozeeka, na picha nyingi za kale zilizoanzishwa juu ya msingi wa giza zimeliwa na msingi huo. Baada ya miongo kadhaa kile cha chini hupanda juu na sehemu za kati huzama. Anataka niweke msingi wa kijivu cha wastani, nisogeze uso pande zote mbili kutoka hapo. Nilimwambia kwamba miongo kadhaa kwa umri wangu si hesabu yangu tena.

"Si yako, mama," akasema, "ni ya hao wajukuu wanaokuita bibi."

Sikupata la kumjibu. Msingi wa kahawia bado nimeuacha ulivyo, lakini nimemwomba anionyeshe namna ya kupaka sehemu za nuru ziwe nene kiasi cha kutosha zisizame, naye amekubali kwa shingo upande, na ametaka nilete nyeupe tyubu mbili, kubwa.